Plastiki ya mahindi haisimami peke yake

Ndugu zetu, hili tunalijua toka jikoni: ugali wa muhogo peke yake unanata na kuvutika, wa mahindi peke yake unameguka. Ndo maana mama zetu wanachanganya unga. Watengenezaji wa plastiki ya mimea nao walipita njia hiyo hiyo. Historia yao inatuhusu, juu Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na sasa kuna mifuko na vikombe vinavyoandikwa "inaoza".

Miaka ya 1930, Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont, Marekani, alijaribu kutengeneza plastiki kwa asidi ya laktiki, ile inayochachusha maziwa. Ilitoka dhaifu. Baadaye madaktari walipata nyuzi za kushonea vidonda zenye asidi hiyo, zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Mwaka 2002 kiwanda kikubwa kilifunguliwa Blair, Nebraska, kikitumia sukari ya mahindi. Plastiki hiyo inaitwa PLA. Ni ngumu, inapitisha mwanga, lakini ukiikunja inavunjika, na ikikaribia nyuzi 60 za joto inalegea. Chai ya moto tu inaishinda.

Wengine walianza na wanga. Miaka ya 1970 na 1980 waliutia ndani ya plastiki ya kawaida. Wadudu wa udongo walikula wanga, plastiki ikabaki vipande vipande. Hapo hakuna kilichookolewa.

Ndipo Catia Bastioli na wenzake wa Novamont, mjini Novara, Italia, wakachanganya wanga na poliesta ambazo nazo zinaoza. Wanga peke yake ukipata maji unalainika, ukikauka unapasuka, poliesta inaukinga. Ujerumani nako, BASF ilitoa Ecoflex mwaka 1998, laini na yenye kuvutika, kisha mwaka 2006 ikaiuza ikiwa imechanganywa na PLA kwa jina la Ecovio. Ukizidisha PLA unapata kitu kigumu. Ukiipunguza unapata mfuko laini.

Lakini tuangalie vizuri: Ecoflex ya mwanzo ilitoka kwenye mafuta ya petroli, na inaoza. Kwa hiyo "ya mimea" na "inaoza" si neno moja.

Na kuoza kwenyewe kuna masharti. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinataka asilimia 90 ioze ndani ya miezi 6, ila kwenye mbolea ya kiwandani, joto la nyuzi kama 58. Shimo letu la takataka kambini si kiwanda. PLA iliyotupwa humo au shambani inaweza kukaa miaka.

Basi mradi ukija na vikombe vya "kuoza", sisi vijana na nyinyi mnaotuhudumia tuulize mapema: kimechanganywa na nini? Kinaoza kwenye joto gani? Na baada ya kutumika, nani atakuja kukichukua?