Lori kuukuu la dizeli kukataa kuwaka alfajiri ya baridi

Kukataa kuwaka alfajiri ni ila mashuhuri ya malori ya dizeli yaliyokwisha kula miaka mingi, nayo huonekana zaidi katika miji ya nyanda za juu, mathalani Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, ulioasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville juu ya uwanda wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa pwani asiyepata kulala huko mwezi wa Juni au Julai huenda akastaajabu. Lakini katika miezi hiyo, mbingu zikiwa hazina wingu la kuizuia harara ya ardhi isipotee usiku, joto hushuka mara kwa mara chini ya digrii 10. Katika gereji za mji huo, ambazo msamiati wake umekopa mengi kwa Kifaransa, lori huitwa kamio, injini huitwa motere, na dizeli huitwa mazutu.

Asili ya taabu hii imo katika tabia ya injini yenyewe. Injini ambayo Rudolf Diesel aliifanikisha mjini Augsburg mwaka 1897 haina cheche ya kuwasha mafuta. Huvuta hewa, ikaibana mpaka ujazo wake usalie sehemu moja tu ya kumi na saba au hata ya ishirini, na hewa hiyo, ikiwa injini ni nzima na yazunguka upesi, hupata kwa kubanwa tu moto unaoweza kupita digrii 500, ndipo mafuta yanaponyunyiziwa humo yakashika yenyewe. Basi ikiwa hewa imeingia baridi, na chuma kinachoizunguka ni baridi, na pistoni yapanda kwa uzito, moto ule hunywewa na kuta za silinda, na sehemu ya hewa huponyoka kando ya ringi zilizolika, kabla mafuta hayajafika. Fauka ya hayo, hewa ya kimo kile ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika nane, hata lori lililoondoka bandarini likiwaka bila taabu laweza kugoma lifikapo Katanga, ilhali hakuna kilichovunjika njiani.

Walakini baridi ya kadiri hiyo haitoshi kuishinda injini iliyo salama. Ikiishinda, yapasa kuamini kwamba kuna udhaifu uliokuwapo tangu mwanzo. Kwa hiyo fundi mwenye busara hagusi spana kwanza, bali husikiliza starta na kutazama moshi.

Starta ikivuta kwa kuguguma, shaka iangukie umeme. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizofuatanishwa, na kila moja, ikiwa imejaa na kupumzika, hupima kama volti 12.6, yenye 12.2 imekwisha kupoteza nusu ya akiba yake, na baridi humnyang'anya dereva sehemu ya hiyo iliyosalia. Hata hivyo betri mpya hununuliwa bure mara nyingi mno. Mara tu baada ya kuvuta starta kwa sekunde kumi, mtu na aweke kiganja juu ya kila kichwa cha waya, kuanzia betri mpaka starta, asisahau ule ufungao injini na chesisi: palipo na moto ndipo umeme unapopotelea, na aghalabu atakuta ungaunga wa kijani ambao maji ya moto na brashi ya waya vitauondoa. Oili nzito kupita kiasi nayo huifanya starta nzima ionekane mbovu.

Starta ikizunguka vyema na ekzosi isitoe moshi wowote, mazutu hayafiki. Mara nyingi yamerudi tangini usiku, kwa sababu mpira wa bomba umepasuka nyuzi au valvu ya pampu ya mkono imechoka. Dalili yake ni kwamba injini huwaka sekunde chache ikazima, kisha hukubali baada ya kupampu kwa mkono na kutoa hewa. Njia iliyo bora kuyahakikisha haya ni kutundika jioni kopo safi la mazutu juu ya injini na kulishia pampu kutoka humo: lori likiwaka alfajiri, ila iko baina ya tangi na pampu, wala nozeli zisifunguliwe. Mazutu ya mabidoni yauzwayo kando ya njia huja na maji, basi bakuli la filta limwagwe kila mara.

Moshi mweupe wenye kuwasha macho, kwa upande wake, ni mazutu yaliyofika yasiungue. Katika injini zenye chumba cha awali, kama 1HZ ya Toyota, buji za kupashia moto hupimwa moja moja kwa balbu ya majaribio, baada ya kuondoa bamba linaloziunganisha. Injini za sindano ya moja kwa moja, kama OM 352 ya Mercedes-Benz, hazina buji hizo, na humo huangaliwa nozeli, majira ya pampu na mbano wa silinda. Kupulizia etha ni dhuluma kwa chuma, na penye buji zilizo moto ni hatari ya mlipuko. Kadhalika kuweka mbabula, yaani jiko la makaa, chini ya karta (bakuli la oili la injini) iliyolowa oili kumekwisha kuunguza malori.

Mbano ukiwa umekwisha, wenye lori huliegesha mteremkoni ili asubuhi liwake kwa kuserereka. Hilo hufaa mjini. Katika foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ambako lori la mbele liko hatua mbili tu, hakuna pa kuserereka.