Mzigo mzito kutoka ng'ambo: Kagua kabla ya kutia saini

Jokofu la milango miwili, jenereta au mashine ya kusaga huagizwa Dubai au Guangzhou na kufika Dar es Salaam baada ya safari ndefu ya baharini. Wanunuzi wengi hudhani kwamba meli ikishatia nanga, kazi imekwisha. Hata hivyo, safari fupi ya kutoka ghalani hadi nyumbani ndiyo mara nyingi huamua nani atabeba hasara endapo mzigo utakutwa umevunjika.

Sababu ni kwamba safari hiyo huwa na mikataba miwili. Wa kwanza ni wa meli, nao humalizika mzigo unapokabidhiwa bandarini au katika bandari kavu. Wa pili ni wa lori linalopeleka mzigo nyumbani, isipokuwa pale kampuni moja ilipokubali kuufikisha hadi mlangoni. Kasha likifunguliwa kwa mara ya kwanza sebuleni, mwenye lori atasema lilitoka melini likiwa limebonyea, na mwenye meli atasema lilibonyea barabarani.

Kwa hiyo, ukaguzi wa kwanza hufanyika ghalani, kabla ya kupakia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1978, maarufu kama Kanuni za Hamburg, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, unamtaka mpokeaji atoe taarifa ya maandishi kuhusu uharibifu unaoonekana, si zaidi ya siku ya kazi inayofuata baada ya kukabidhiwa mzigo. Uharibifu usioonekana kwa nje umepewa siku 15 mfululizo. Asiyetoa taarifa hapotezi haki yake papo hapo, lakini mzigo huchukuliwa kuwa ulifika salama, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Muda wa kufungua madai ni miaka miwili.

Ukaguzi wa pili hufanyika nyumbani, kabla ya kutia saini hati ya kupokelea mzigo. Kasoro iandikwe kwenye hati yenyewe, kwa maneno mahususi: "Kasha limetoboka upande wa kushoto, ndani hapajakaguliwa." Maneno hayo yawepo pia katika nakala ya dereva. Picha zipigwe mzigo ukiwa bado garini, na vifungashio visitupwe, kwani ni ushahidi.

Jambo jingine ni maana ya "kufikishiwa nyumbani". Kwa wasafirishaji wengi, maana yake ni getini tu. Kushusha na kuingiza ndani ni juu ya mwenye mzigo. Ni vyema kuuliza mapema uzito na vipimo vya kasha, kisha kupima geti, mlango, kona za ngazi na upana wa mtaa. Lori lisiloweza kuingia uchochoroni litashusha mzigo barabarani. Bei ya makuli nayo ikubaliwe kabla lori halijafika, kwa kazi nzima hadi mahali chombo kitakapokaa.

Wakati wa kushusha, asiwepo mtu upande wa chini wa mteremko mzigo ukiteleza kwenye mbao. Jenereta ya dizeli inaweza kuzidi kilo 500, hivyo huhitaji winchi, wala si mabega ya watu, nayo ifungwe kamba pale tu mtengenezaji alipoelekeza. Jokofu hubebwa likiwa wima. Likilazwa, mafuta ya kompresa huweza kuingia kwenye mabomba ya gesi. Lisimamishwe kwa saa zilizotajwa katika kitabu cha maelekezo kabla ya kuwashwa.

Hati ya shehena, risiti za ushuru, hati ya kupokelea mzigo na picha zihifadhiwe pamoja hadi chombo kitakapokuwa kimewashwa na kuthibitika kwamba ni kizima. Kikikutwa na kasoro, zihifadhiwe hadi madai yamalizike.