Mitaa Iliyonyoka: Tver, Dar es Salaam na Mwanza

Mtu asimamaye kando ya mto Mirongo, katikati ya Mwanza, aona kama miji miwili. Bondeni maduka yamepangwa kwa safu; milimani nyumba zimekaa kati ya majabali, na njia zake nyembamba zazunguka mawe. Ni nani basi aamuaye nani akae wapi? Swali hili ni la zamani, nalo liliulizwa mbali sana na ziwa letu.

Mwaka 1763, mji wa Tver katika nchi ya Urusi, kando ya mto Volga, uliteketea kwa moto. Malkia Catherine wa Pili akaamuru ujengwe upya kwa ramani: barabara tatu zilizonyoka zitoke katika uwanja mmoja, mfano wa vidole vya mkono, na katikati ya mji nyumba ziwe za mawe. Mwaka uo huo aliamuru miji mingine nayo ichorewe ramani. Faida yake yaonekana, maana barabara pana huzuia moto usiruke nyumba hata nyumba. Walakini asiye na fedha za kujengea mawe alilazimika kwenda pembeni, ambako nyumba za miti ziliruhusiwa. Sheria haikumtaja maskini. Ilitaja ukuta tu.

Jambo la namna hiyo lilitokea kwetu pia. Mwaka 1891 Wadachi walifanya Dar es Salaam kuwa makao ya serikali yao, wakatoa kanuni ya ujenzi. Sehemu moja ilikuwa ya nyumba za Kizungu peke yake. Nyumba za udongo na makuti zikawekwa mbali nayo. Kanuni ilitaja nyumba, wala si rangi ya mtu. Lakini Waafrika wangapi waliweza kujenga nyumba ya Kizungu? Waingereza nao wakafuata mgawanyo huo. Mahali palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, wakati wa vita ya 1914 hata 1918, pakawa Kariakoo, mtaa wa Waafrika, wenye barabara zilizonyoka kama mistari ya daftari. Kati yake na Uhindini pakaachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja.

Na Mwanza je? Reli ilifika mwaka 1928, mji ukakua, na wengi waliokosa viwanja bondeni wakapanda milimani. Huko gari la zimamoto halipiti, na maji ya mvua hushuka kwa nguvu mpaka mtoni.

Hatusemi ramani ni mbaya. Twaihitaji sana, tena kabla ya msiba, si baada yake kama Tver. Lakini mchoraji na apande mlima kwanza, awaulize wenyeji maji yapita wapi. Kisha katika kanuni yake aandike nyumba ambayo mvuvi na mchuuzi waweza kuijenga. Asipofanya hivyo, barabara zitanyooka, na watu wale wale watazidi kusukumwa majabalini.