Barabara ya Kilwa kabla na baada ya daraja

Ukitoka Kariakoo alfajiri, ukapita Gerezani hadi Bendera Tatu na kuishika Barabara ya Kilwa, chakula cha mchana unaweza kukila Kilwa Masoko. Ni takriban kilomita 300. Siku hizi wapo wanaokodi gari lenye hema juu ya paa, wakalala njiani siku mbili tatu na kuitembelea pwani ya kusini kwa starehe. Starehe hiyo ni ya juzi tu.

Kwa karne nyingi Kilwa iliendewa kwa bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 kwa jahazi na kuusifu mji ule kwa uzuri wake. Nchi kavu ilikuwa na kizuizi kimoja kikubwa: Mto Rufiji, pamoja na delta yake yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Tanzania.

Kariakoo yenyewe inaujua mto huo kwa uchungu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jengo la soko lililoachwa na Wajerumani liligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi, “Carrier Corps”, na hao ndio walioachia mtaa jina lake. Mapema mwaka 1917 vita vilihamia Rufiji. Mvua ilinyesha, mto ukafurika, na wapagazi wakafa kwa wingi, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, inawakumbuka na wao pia, ingawa wapita njia wengi humwona askari peke yake.

Uhuru ulikuja, lakini mto ulibaki kuvukwa kwa pantoni pale Ndundu. Masika yakishika, mabasi yalikwama kwenye tope, abiria wakalala porini na watoto wao, na korosho zikasubiri. Mtumishi wa serikali aliyepangiwa Lindi au Mtwara alihesabu kuwa ameadhibiwa. Naamini hakuna jambo lililoirudisha kusini nyuma kuliko barabara hii.

Mabadiliko yalikuja Agosti 2003, lilipofunguliwa daraja la mita 970 juu ya Rufiji. Lilipewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi, na kwa haki kabisa: mtu wa kusini alikuwa amewaondolea watu wake pantoni. Hata hivyo, kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwatesa madereva kwa miaka mingine mingi kabla ya kupata lami.

Mei 2024 mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengwa tena na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kwa hiyo anayepanga safari ya gari na hema achague miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Akishavuka daraja asiipite Mohoro kwa kasi. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewahamasisha wapiganaji kwa maji yake, Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Na akifika Kilwa Kivinje, aulize ulipo Mwembe Kinyonga, mti ambao Wajerumani waliwanyongea waliowapinga.