Ubatili wa Ndoa ya Mfalme Henry wa Nane na Anne wa Cleves, 1540

Tarehe 6 Januari, 1540, katika jumba la Greenwich, Askofu Mkuu Cranmer alimfungisha Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza ndoa na Anne, binti wa watawala wa Cleves katika Ujerumani. Tarehe 9 Julai mwaka ule ule mkutano mkuu wa makasisi ukatamka kuwa ndoa hiyo ni batili. Aghalabu husemwa kwamba Anne alipewa talaka, na neno hilo si sahihi. Talaka hukata kifungo kilichokuwapo, na hata faskhi ya kadhi huvunja mkataba uliokwisha kufungwa. Makasisi wale walinena kwamba kifungo hakikuwapo tangu siku ya harusi.

Ufupi wa ndoa haukuwa hoja. Ndoa ya Henry na Catherine wa Aragon ilibatilishwa mwaka 1533, nayo ilikuwa imedumu karibu miaka 24. Hoja za mwaka 1540 zilikuwa nyingine. Mwaka 1527 Anne, angali mtoto, aliposwa kwa ajili ya mwana wa mtawala wa Lorraine, wala haikuthibitika barabara kuwa posa ile ilivunjwa. Tena, mfalme hakuridhia kwa moyo, ingawa yeye mwenyewe alisimama akakubali mbele ya Askofu Mkuu. Tena, hakumwingilia mkewe.

Hoja hii ya mwisho ilikuwa ngumu kuitoa pasipo kumfedhehesha mfalme. Kwa hiyo tabibu wake, Butts, alishuhudia kwamba bwana wake alijiona aweza kwa wanawake wengine, ila kwa huyu tu hakuweza. Thomas Cromwell, aliyeipanga ndoa, aliandika ushahidi wake akiwa mfungwa katika Mnara wa London. Ulimfaa mfalme, haukumfaa mwandishi: alikatwa kichwa tarehe 28 Julai, siku ile ile Henry aliyomwoa Catherine Howard. Mabibi wa Anne nao walisimulia mazungumzo marefu ya kuonyesha kuwa hakujua mambo ya unyumba. Wanahistoria huyatilia shaka, maana Kiingereza chake kilikuwa bado haba.

Alipoletewa habari, Anne aliridhia. Mwaka 1536 ndoa ya Anne Boleyn ilitamkwa batili, na siku mbili baadaye mwenyewe akauawa; jambo hilo halikuwa limesahauliwa. Kwa ridhaa yake Anne wa Cleves alipata jumba la Richmond, ngome ya Hever, na cheo cha dada wa mfalme. Hakurudi kwao. Alifariki tarehe 16 Julai, 1557, miaka kumi baada ya Henry, akazikwa Westminster.