Kazi Zilianzia kwa Kitanda cha Kukunja

Wasee, tuongee Poland kidogo. Enzi ya ukomunisti, serikali ndiyo ilikuwa bosi wa karibu kila mtu mjini. Halafu Januari 1989 sheria ya waziri Mieczysław Wilczek ikaanza kazi: kisichokatazwa kimeruhusiwa. Unataka biashara? Jiandikishe, anza. Na cha kushangaza, waliopitisha ni wakomunisti wenyewe.

1990 bei zikaachiliwa, ruzuku zikakatwa, viwanda vya serikali vikaanza kufuta watu. Huko Warsaw watu wakatandaza soksi na kaseti juu ya vitanda vya kukunja kando ya barabara. Kitanda kikawa kibanda, kibanda kikawa duka, duka likaandika watu.

Lakini tusidanganyane. Kufikia mwisho wa 1993, karibu watu 16 kwa kila 100 wa kufanya kazi hawakuwa na kazi. Mzee aliyezeekea kiwandani hakugeuka mfanyabiashara usiku mmoja. Ila kazi mpya zilitoka zaidi kwa hao wadogo, si kwa viwanda vikubwa vya zamani.

Sasa mwanasiasa akikuahidi kiwanda, muulize: na yule wa kitanda, umemwondolea kizuizi gani?