Eddie Robinson: Kocha aliyeshinda mechi 408 katika chuo kimoja

EDDIE Robinson alikuwa na umri wa miaka 22 tu alipopewa kazi ya ukufunzi mnamo 1941 katika chuo kidogo cha Wamarekani weusi huko Grambling, jimbo la Louisiana. Alipong'atuka mwaka wa 1997, alikuwa ameshinda mechi 408, kupoteza 165 na kutoka sare 15, bila kuhamia chuo kingine.

Mchezo wenyewe ni kandanda ya Kimarekani, ambayo mpira wake una umbo la yai na ambayo inakaribia raga kuliko soka. Timu za vyuo ndizo huzalisha wachezaji wa ligi ya kulipwa ya NFL.

Robinson alizaliwa Februari 13, 1919, mjini Jackson, Louisiana. Baada ya masomo alifanya kazi katika kiwanda cha lishe ya mifugo kwa senti 25 kwa saa. Grambling ilimlipa dola 63.75 kwa mwezi. Kwa ujira huo alifunza timu, akakata nyasi za uwanja na kuuchora mistari. Timu iliposafiri, ilibidi chakula kiandaliwe mapema, kwani mikahawa mingi ya majimbo ya Kusini haikuwahudumia watu weusi.

Msimu wake wa kwanza alishinda mechi tatu na kupoteza tano. Mwaka uliofuata vijana wake walishinda mechi zote tisa bila kuruhusu hata pointi moja. Timu haikucheza 1943 na 1944 kwa sababu ya Vita Vikuu vya Pili.

Wakati huo vyuo vikuu vya wazungu vya Kusini havikuwapokea wachezaji weusi. Ubaguzi huo uliwafungia vijana hao milango, nao wengi wenye vipaji wakaishia Grambling. Mnamo 1949, Tank Younger alijiunga na Los Angeles Rams na kuwa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha weusi kucheza NFL. Zaidi ya wachezaji 200 wa Robinson walifika huko. Mmoja wao, Doug Williams, aliiongoza klabu ya Washington kushinda fainali ya Super Bowl Januari 1988. Hakuna mchezaji mweusi aliyekuwa ameshinda fainali hiyo akiongoza mashambulizi ya timu tangu mwanzo wa mechi.

Oktoba 1985, Robinson alipata ushindi wa 324 na kuivunja rekodi ya Bear Bryant wa Alabama, ambaye timu yake haikuchezesha mtu mweusi katika mechi rasmi hadi 1971.

Hata hivyo, mabadiliko hayo yalikuwa na gharama kwa Grambling. Milango ilipofunguliwa, vyuo vikubwa vyenye fedha vilianza kuwanyakua vijana ambao zamani wangekuja kwake. Katika misimu yake mitatu ya mwisho alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, na mechi yake ya kuaga, Novemba 1997 jijini New Orleans, aliipoteza mbele ya mahasimu wa jadi, Southern.

Mikoba yake ilichukuliwa na Doug Williams. Mnamo 2003, John Gagliardi wa chuo cha Saint John's, Minnesota, aliipita rekodi ya ushindi 408. Robinson alifariki Aprili 3, 2007, akiwa na umri wa miaka 88. Uwanja wa Grambling unaitwa kwa jina lake.